Wi-Fi si intaneti: maneno ambayo kila nyumba yenye modemu inapashwa kuyajua

Iwe Goma, Bukavu, Uvira ama Lubumbashi, hali inafanana: wapangaji wa lupango moja wanachanga pesa, wananunua modemu na mega za mwezi, kisha mega zinaisha kabla ya siku yake. Hapo ugomvi unaanza. Mmoja anasema kampuni imeiba, mwingine anamshitaki jirani, wa tatu anaonyesha simu yake: alama ya Wi-Fi imejaa lakini hakuna kinachofunguka. Mara nyingi chanzo ni kuchanganya vitu viwili, Wi-Fi na intaneti.

Intaneti ni mtandao unaounganisha kompyuta za dunia nzima. Inafika nyumbani kwa kebo ya fibra, kwa mnara wa kampuni ya simu, ama kwa setilaiti kama zile za Starlink, zilizoruhusiwa nchini mwaka 2025. Kifaa kinachoipokea kutoka nje ni modemu. Kinachoigawa kwa simu na kompyuta za ndani ni ruta. Vile vifaa vidogo vya kuwekwa kadi ya simu, ambavyo watu wanaviita modemu, vinafanya kazi zote mbili. Wi-Fi nayo ni mawimbi ya redio kati ya ruta na simu, basi.

Ni kusema, alama ikijaa, simu inasikilizana vizuri na ruta. Haionyeshi kama ruta yenyewe inapata intaneti. Robine inaweza kuwa nzima, lakini kama maji yamekatika barabarani, ndoo itabaki tupu. Simu moja ikikwama na zingine zinafanya kazi, shida iko kwa simu hiyo ama kwa umbali. Zote zikikwama, waangalie kwanza mega zilizobaki, ndipo waite kampuni.

Umbali na kuta

Ruta nyingi zinatumia mawimbi ya aina mbili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 ni ya haraka zaidi, lakini yanachoka upesi mbele ya kuta. Ya 2.4 yanafika mbali zaidi. Ukuta wa beto unayazuia kuliko ukuta wa mbao. Kwa hiyo ruta inafaa kukaa juu, katikati ya nyumba, si nyuma ya kabati la chuma.

Mega zinaenda wapi?

Kasi inahesabiwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini mega zinazouzwa ni megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Mtandao wa megabiti 8 kwa sekunde unaleta megabaiti 1 kila sekunde: kwa kasi hiyo, megabaiti 1000 zinaweza kuisha chini ya dakika 17.

Na mara nyingi anayezimaliza si jirani. Simu nyingi zimetengenezwa kuamini kwamba Wi-Fi haina kipimo. Zikiipata tu, zinaanza kusasisha programu na kupeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, hata mwenyewe akiwa amelala. Simu haijui kwamba nyuma ya Wi-Fi hiyo kuna mega za kununuliwa. Ndiyo maana simu nyingi za Android zina sehemu, ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, ya kuonyesha kwamba mtandao huo una kipimo. iPhone nayo ina sehemu ya kupunguza matumizi ya data.

Maneno mawili ya siri

Neno la siri la kwanza ni la kuingia kwenye Wi-Fi. La pili ni la kuingia ndani ya ruta yenyewe, mara nyingi kwa kuandika 192.168.1.1 ama 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Huko inaonekana orodha ya simu zote zilizoungwa. Wengi wanaacha neno la siri lililotoka kiwandani, na yeyote anayelijua anaweza kubadilisha kila kitu. Kuhusu ulinzi, WPA2 ama WPA3 ndiyo ya kuchagua. WEP ilivunjwa tangu mwaka 2001.

Lupango likiona simu ya mgeni katika orodha hiyo, dawa ni kubadilisha neno la siri la Wi-Fi. Simu zote zitatoka, na waliochanga pesa ndio watakaopewa neno jipya.