Mti, Rangi na Vizibo: Vitu Vinavyowafundisha Mafundi wa Sanaa
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wetu hudhani kwamba mchoraji au mchongaji huwaza kwanza jambo lake kichwani, kisha huenda kutafuta kitu cha kulifanyia. Mimi naona kwamba mara nyingi mambo huwa kinyume. Kile kilichoko mkononi, kiwe gogo au kopo la rangi au hata takataka, ndicho kinachompa fundi fikira zake, tena ndicho kinachomkataza nyingine.

Tumtazame marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakutumia rangi za wachoraji wa Ulaya, maana zilikuwa ghali. Alitumia rangi ya mafuta ya kopo, ile ya kupakia baiskeli, akaipaka juu ya ubao mwembamba wa kukandamizwa, ule unaopigiliwa darini. Ubao huo huuzwa kwa futi 4 kwa 8. Ukiukata kwa futi 2 kwa 2 wapata vipande 8, wala hakibaki hata kimoja cha kutupa. Basi si ajabu kwamba nyingi katika picha zake ni mraba wa kadiri ya sentimita 60, yaani futi 2!

Rangi ile nayo ina tabia zake. Hung'aa, huteleza, tena hukauka polepole. Na ukiweka rangi ya pili juu ya ile ambayo haijakauka, zote mbili huvurugika. Kwa hiyo fundi hupaka kwanza sehemu ya nyuma, akangoja. Kisha mwili wa mnyama, akangoja tena. Mwisho hutia madoa, mistari na macho. Kazi ya vivuli vyembamba, kama ile ya picha za Ulaya, haiafiki sana rangi hiyo. Ndiyo sababu chui wa Tingatinga hujaza ubao wote, na rangi zake zimetengana waziwazi. Wako wanaosema kwamba huo ni uchoraji wa kitoto. Mimi sikubaliani nao, maana mtoto hangoji rangi ikauke.

Bwana Tingatinga alifariki mwaka 1972, baada ya kuchora kwa miaka minne tu. Jamaa zake na vijana aliowafundisha wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Siku hizi wengi huchora juu ya kitambaa cha pamba, kwa kuwa mgeni aweza kukikunja akakitia sandukuni, na ubao haukunjiki. Mnunuzi naye, basi, ana sauti.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. El Anatsui, mchongaji aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nsukka, Nigeria, alianza na mbao na udongo. Karibu na mwaka 1998 aliokota mfuko wa vizibo vya chupa za pombe. Yeye na wasaidizi wake huvikunja vizibo kama hivyo, huvitoboa, kisha huviunga kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, hata likatokea kama shuka kubwa la bati. Shuka hilo hulegea, na kila linapotundikwa huweza kupewa mikunjo mipya. Hebu fikirini, sanamu isiyo na umbo moja! Gogo lisingeweza kumpa fikira hiyo. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venice, nchini Italia.

Lakini kitu kinachonishangaza kuliko vyote ni mpingo wetu. Zamani Wamakonde walichonga mapiko, yaani vinyago vya ngoma, kwa miti myepesi. Walipovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na wageni wakaanza kununua vinyago, mpingo ukashika nafasi ya kwanza. Mita moja ya ujazo ya mpingo ina uzito wa kadiri ya kilo 1,200, na ya maji ni kilo 1,000. Kwa hiyo ukiutumbukiza majini huzama. Fundi huanza kwa shoka na tezo, akaendelea kwa patasi na tupa, akamaliza kwa msasa. Ganda la ndani ni jeupe na kiini ni cheusi, na wengine huliacha ganda kidogo liwe pambo.

Tena mpingo haupendi kunyooka. Huota mwembamba, una mafundo, na kiini chake mara nyingi kina ufa. Roberto Yakobo Sangwani hutajwa kuwa ndiye aliyeanza, katika miaka ya mwisho ya 1950, mtindo wa watu waliobebana, ambao baadaye uliitwa Ujamaa. Ukilitazama gogo jembamba waona kwamba watu wengi hawawezi kukaa humo ila kwa kupandana. Husimuliwa pia kwamba sanamu ya Samaki Likankoa ilimvunjikia mkono, naye badala ya kuitupa akaigeuza kuwa shetani. Mashetani hayo, yenye jicho moja au tumbo lililotoboka, yanaafikiana na tawi lililopinda kuliko binadamu aliyesimama wima.

Sasa mti wenyewe unapungua. Wachongaji hushindana na watengenezaji wa zumari za Ulaya ziitwazo klarineti, na sokoni wako wanaopaka mti mweupe dawa ya viatu wakauita mpingo. (Ukitilia shaka, upime kwa mkono, mwepesi si mpingo.) Wilayani Kilwa viko vijiji vinavyotunza misitu yao na kuuza magogo kwa kipimo. Hata hivyo mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kukatwa. Mimi nina miaka 17. Mche utakaopandwa muhula huu utakuwa tayari kwa patasi nikiwa na miaka 87, nao ukichelewa, 117.