Injinia wa Mabomba Aliyepiga Picha Nyota Zisizoonekana

Watu wengi hudhani kwamba kuchunguza nyota ni kazi ya mabingwa wa serikali peke yao, wanaokaa juu ya milima na vyombo vya thamani kubwa. Lakini picha moja iliyobadili kabisa elimu hiyo ilipigwa katika bustani iliyo nyuma ya nyumba, na aliyeipiga alikuwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilihusu mabomba na mifereji ya maji machafu.

Bwana huyo aliitwa Andrew Ainslie Common. Alizaliwa mwaka wa 1841 katika mji wa Newcastle, Uingereza, na baadaye akakaa Ealing, upande wa magharibi wa London. Mchana alikuwa injinia. Usiku, mawingu yakimruhusu, alikuwa bustanini. Mtu yeyote aliyepata kukaa Uingereza anajua kwamba mawingu ya huko hayaruhusu mara nyingi.

Mnamo mwaka wa 1879 alisimamisha hapo darubini yenye kioo cha upana wa inchi 36, yaani futi tatu kamili. Kioo kilitengenezwa na fundi George Calver, lakini mitambo ya kukibeba na kukigeuza aliibuni Common mwenyewe. Kwa kuwa chombo kilikuwa kizito, alikifanya mhimili wake uelee ndani ya zebaki, ili uzunguke kwa wepesi. Hapo ndipo ujuzi wa injinia ulipomfaa kuliko ujuzi wa vitabu.

Sasa yafaa kueleza kwa nini mtu ajisumbue kupiga picha badala ya kutazama tu. Jicho la mwanadamu huona nuru iliyolifikia wakati uleule. Ukikodolea nyota hafifu macho kwa saa nzima, haizidi kung'aa. Bamba la kioo lililopakwa dawa ya picha ni mfano wa pipa lililowekwa chini ya paa wakati wa manyunyu: tone moja si kitu, lakini likiachwa hapo usiku kucha, asubuhi yamo maji ya kutosha kupikia. Kadhalika bamba hukusanya nuru kidogo kidogo mpaka kitu kisichoonekana kikaonekana.

Taabu ni kwamba dunia haitulii. Kwa sababu ya mzunguko wake, nyota huonekana kusogea digrii moja kila baada ya dakika nne. Kwa muda wa dakika 37 zitakuwa zimekwenda zaidi ya digrii tisa, nafasi ambayo mwezi mpevu kumi na minane ungeweza kupangwa bega kwa bega. Kwa hiyo darubini hugeuzwa na mashine ya saa ili izifuate. Lakini hakuna mashine isiyokosea, na kosa dogo kama unywele huvuruga picha yote. Common alitengeneza kishikio cha bamba chenye kusogezwa kwa skrubu, na kando yake kijidarubini cha kuangalia nyota moja. Nyota ile ikianza kuponyoka, mpiga picha husogeza bamba taratibu ili kuifuata. Kazi hiyo hufanywa gizani, katika baridi kali, bila kupumzika.

Usiku wa tarehe 30 Januari, 1883, alielekeza chombo chake kwenye kundi la nyota liitwalo Orion, penye kiwingu kinachong'aa, akaliacha bamba wazi kwa dakika 37. Haki na itendeke: wa kwanza kupiga picha ya kiwingu hicho alikuwa daktari wa Marekani, Henry Draper, tarehe 30 Septemba, 1880. Lakini Draper alikuwa amekwisha kufariki mwaka wa 1882, na bamba la Common likazidi kwa jambo kubwa. Lilionyesha nyota ambazo hakuna jicho lililopata kuziona, hata kwa kupitia darubini ileile. Tangu hapo mtu hakuweza tena kusema kwamba kamera ni ya kunakili tu yale ambayo macho yamekwisha kuyaona. Chama cha Kifalme cha Elimu ya Nyota kilimpa nishani ya dhahabu mwaka wa 1884.

Common alikuwa mtu asiyetosheka. Mwaka wa 1885 alimwuzia Edward Crossley wa Halifax darubini hiyo, akaanza kutengeneza nyingine ya futi tano. Crossley naye aliitoa zawadi mwaka wa 1895, ikasafirishwa hadi mlima Hamilton katika California. Huko, kuanzia mwaka wa 1898, James Keeler aliitumia kupiga picha za viwingu vingi, akakadiria kwamba viko kama 120,000 ambavyo chombo hicho kingeweza kuvifikia, na vingi kati yake vina umbo la mzunguko kama konokono. Chombo cha bustanini kilikuwa kimefika mbali.

Siku hizi kamera haihitaji bamba wala zebaki. Mwenye kamera ya kawaida huiweka juu ya kigoda cha miguu mitatu, huifungua kwa sekunde kumi au kumi na tano, kisha hurudia mara nyingi na kuziunganisha picha hizo kwa kompyuta. Akizidisha muda bila mashine ya kufuata, nyota hugeuka kuwa mistari. Karibu na Ikweta, nyota zinazochomoza mashariki hupanda wima, na mistari yake husimama kama fito za ukuta.

Kiwingu alichopiga Common kiko mbali hata nuru yake husafiri zaidi ya miaka 1,300 kabla ya kutufikia. Hata hivyo hakihitaji darubini. Mwishoni mwa Januari, mnamo saa tatu ya usiku, nyota tatu zilizopangwa mstari hukaa karibu na utosi wa mbingu ya Kenya. Upande wa kusini wake zimo nyota hafifu zinazoning'inia kama kisu kiunoni. Mwezi usipokuwapo, na taa za mji zikiwa mbali, kile kinachoonekana kama doa la ukungu katikati ya kisu ndicho hicho.