Mchanga Ndani ya Bomba

Chuma jani la mpapai, shika kikonyo chake kirefu chenye uwazi ndani, ukikunje polepole. Hakifanyi upinde. Kinabonyea mahali pamoja, kinabapa, kisha kinapasuka. Bomba la chuma lina tabia hiyo hiyo, na mafundi wa jua kali wa Kitale na Bungoma hupambana nayo kila siku. Wao ndio wanaounda keria za bodaboda, kinga za miguu mbele ya injini, na ngao za pikapu zinazopanda matope ya Mlima Elgon msimu wa masika.

Mtu atauliza: kwa nini wasitumie nondo, isiyobonyea? Jibu limo katika uzito. Bomba la kipenyo cha milimita 25 na unene wa milimita 1.5 lina uzito sawa na nondo ya milimita 12 hivi. Lakini bomba hilo ni gumu kupindika karibu mara nane kuliko nondo hiyo, kwa kuwa chuma chake chote kimekaa mbali na katikati, mahali kinapofaa zaidi. Nguvu ya bomba basi imo katika umbo lake. Likibapa kwenye kona, kona hiyo ndiyo itakayokuwa ya kwanza kusalimu amri.

Hebu tupime kona moja. Tukunje bomba letu kwa pembe mraba, nusu kipenyo ya kona ikiwa milimita 100. Mstari wa katikati una urefu wa milimita 157. Ukuta wa nje unavutwa hadi 177, na wa ndani unabanwa hadi 137. Ule wa nje unakonda, ule wa ndani unataka kujikunja kama shuka, na kwa kuwa katikati ni patupu, zote mbili zinakimbilia humo.

Dawa ya zamani ni kuujaza utupu huo. Fundi huchekecha mchanga, huukausha motoni, huumimina ndani huku akiligongagonga bomba mpaka mchanga ushikane, kisha huziba ncha kwa vigingi vya mti. Mchanga ulioshindiliwa haubanwi kwa urahisi, kwa hiyo ukuta hukosa pa kuangukia. Ndipo bomba huwekwa kwenye makaa. Likifika nyuzi 700 za Selsiasi, chuma cha kawaida hubaki na takriban robo tu ya nguvu zake, nalo hufuata kalibu bila ubishi. Mwenye bomba lenye mshono huuweka mshono ubavuni, pale pasipovutwa wala kubanwa sana, ili usifumuke.

Hatari zipo mbili, na hazina mzaha. Mchanga wenye unyevu ukipashwa moto ndani ya bomba lililozibwa hutoa mvuke, na maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Kigingi huruka kama risasi, au bomba lenyewe hupasuka. Ya pili ni bomba la maji lililopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, joto ambalo makaa yenye feni hulifikia, na moshi wake mweupe humletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye.

Wapo wanaokunja bila moto, kwa jeki ya kukunjia mabomba ya maji. Hapo chuma hukumbuka: ukitaka nyuzi 90, vuta zaidi kidogo, kwa maana ukiachia hurudi nyuma. Lakini jeki hiyo ilitengenezewa mabomba mazito ya maji. Bomba jembamba la fanicha likiwekwa humo halikai vizuri kwenye kalibu, na hubonyea.

Sasa tufike kwenye kizimba cha kumlinda dereva gari linapopinduka. Mbio za magari za Safari Rally, zilizorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, hufuata kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari. Kanuni hizo zinataka bomba la kizimba lisiwe na mshono, likunjwe baridi, na nusu kipenyo ya kona isipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Kona ikibapa, upana mdogo usiwe chini ya asilimia 90 ya ule mkubwa. Mchanga na makaa, pamoja na ustadi wake wote, havina nafasi hapo, kwa sababu moto hubadilisha nguvu ambayo bomba lilipewa kiwandani.

Basi ukienda kuchukua kazi yako kwa fundi, usitazame rangi. Pima kona kwa kalipa pande mbili. Ikiwa ya keria imebapa kidogo, gunia la mahindi litavumilia. Ikiwa ya kizimba imebapa kupita kipimo cha FIA, usiipokee.