Je, Wajua? Ruba na Nguruwe Kwenye Chumba cha Kuzibua Moyo

Je, wajua kwamba dawa mbili za kuzuia damu kuganda ambazo madaktari wa moyo wamezibishania kwa zaidi ya miaka 20 zina asili ya wanyama? Heparini hutolewa kwenye utando wa ndani wa utumbo wa nguruwe. Iliwahi kutoka kwa ng'ombe pia, hadi ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipowatia watu hofu miaka ya 1990 na nchi nyingi zikaiacha. Bivalirudini nayo hutengenezwa maabara, ila iliigwa kutoka kwenye mate ya ruba, mdudu anayekunyonya damu huku akiizuia isigande mpaka ashibe. Siri hiyo ya ruba aliigundua John Haycraft mwaka 1884. Heparini ilikuja baadaye, mwaka 1916, pale Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari huko Baltimore, Marekani, alipokuwa akitafuta kinachogandisha damu, akakuta katika ini la mbwa kitu kinachoizuia kuganda.

Dawa hizi hudungwa mgonjwa wa mshtuko wa moyo anapozibuliwa mshipa. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mkono au paja hadi moyoni, hupanua palipoziba, kisha huacha hapo stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma. Damu ikigusa chuma hicho hutaka kuganda. Bonge likiziba stenti, mgonjwa hupata mshtuko mwingine, na wengi hawauvuki. Damu ikizuiwa kupita kiasi, anaweza kuvuja damu tumboni au hata kwenye ubongo. Ubishi wote umelala kati ya hatari hizo mbili.

Mwaka 2014 hospitali moja ya moyo mjini Liverpool, Uingereza, ilichapisha matokeo ya wagonjwa 1,812. Ndani ya siku 28, waliofariki, waliopata kiharusi, waliopata mshtuko tena au waliolazimika kuzibuliwa upya ghafla walikuwa asilimia 8.7 kwa bivalirudini, na 5.7 kwa heparini. Stenti ziliziba kwa asilimia 3.4 dhidi ya 0.9. Kuvuja damu hakukutofautiana sana. Heparini ya bei nafuu ilikuwa imeishinda bivalirudini ya ghali, na wengi wakadhani kesi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Bivalirudini hutoka mwilini haraka mno: nusu yake huisha kwa dakika 25 hivi. Wakati huo vidonge vya kuzuia damu kuganda alivyomeza mgonjwa bado havijafanya kazi, kwa sababu tumbo la mtu aliye katika mshtuko wa moyo hufyonza dawa polepole. Hapo katikati stenti hubaki bila mlinzi. Watafiti wa China waliliziba pengo hilo kwa kuacha dripu ya bivalirudini ya kipimo kamili iendelee saa 2 hadi 4 baada ya kuzibua. Kwa wagonjwa 6,016, matokeo yao ya mwaka 2022 yaligeuza mizani: waliofariki au kuvuja damu vibaya ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 3.06, dhidi ya 4.39 wa heparini. Stenti zilizoziba zilikuwa asilimia 0.37 dhidi ya 1.10. Kwa maoni yangu hili ndilo fundisho kubwa la ubishi mzima: dawa ni ileile, namna ya kuitoa ndiyo iliyobadilika.

Hata hivyo mwongozo wa Ulaya wa 2023 bado unaitanguliza heparini. Ni rahisi, imezoeleka, na ina dawa ya kuizima, protamini, ambayo kwa miaka mingi imetolewa kwenye shahawa za samaki aina ya salmoni. Bivalirudini haina kizimio. Husubiriwa itoke yenyewe.

Vidonge navyo vina ubishi wao. Karibu kila mwenye stenti hupewa aspirini pamoja na kidonge cha pili. Klopidogreli, kinachojulikana zaidi, lazima kwanza kibadilishwe na ini, na wapo watu ambao ini lao haliwezi kazi hiyo vizuri. Mwaka 2019 utafiti wa Ujerumani na Italia ulishindanisha vidonge viwili vyenye nguvu zaidi, tikagrelo na prasugreli, kwa wagonjwa 4,018. Watafiti walitarajia tikagrelo ishinde. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki, waliopata mshtuko au kiharusi walikuwa asilimia 9.3 kwa tikagrelo na 6.9 kwa prasugreli. Lakini aliyewahi kupata kiharusi hapewi prasugreli, kwani humhatarisha.

Ukiwa na stenti, au mzazi wako anayo, msiache vidonge hivyo kwa sababu tu maumivu yameisha au fedha imepungua. Mwambieni daktari mapema awatafutie cha bei nafuu. Na kabla ya kung'oa jino au kufanyiwa upasuaji wowote, taja stenti hiyo kwanza.