Ukifutwa kazi na kurudi chuoni, ni malipo gani unayostahili?

WAKAZI wa Bungoma hawajasahau mwaka 2009, wakati kiwanda cha karatasi cha Pan Paper mjini Webuye kilipofunga milango na maelfu ya watu kupoteza riziki. Tangu hapo, swali limekuwa likiulizwa kutoka Webuye hadi Kitale: je, mtu aliyepoteza kazi anaweza kulipwa na serikali huku akisoma?

Jibu ni kwamba Kenya haina marupurupu ya kila mwezi kwa wasio na ajira. Hazina ya NSSF, ambayo mfanyakazi huikatia sehemu ya mshahara, hailipi mtu kwa sababu tu amefutwa. Kwa kawaida akiba hiyo hutolewa mtu afikapo miaka 60, au kuanzia miaka 50 akistaafu mapema.

Hata hivyo, sheria haimwachi mfanyakazi mikono mitupu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamlazimu mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, kulipa siku za likizo ambazo hazikutumiwa, na kutoa fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi.

Kwa mfano, aliyelipwa Sh24,000 kwa mwezi na kuhudumu miaka minane atadai siku 120. Mshahara ukigawanywa kwa siku 30, kila siku ni Sh800, hivyo fidia yake ni Sh96,000.

Fedha hizo ni haki ya jasho lililokwisha kutoka. Hazina sharti la kutafuta kazi, wala mwajiri hawezi kuzizuia eti kwa sababu aliyeachishwa amejiunga na Kitale National Polytechnic au Chuo Kikuu cha Kibabii kusoma kutwa.

Hapo ndipo tofauti na mataifa mengine inapojitokeza. Nchini Marekani, anayepokea malipo ya ukosefu wa ajira hutakiwa kuwa tayari kuanza kazi wakati wowote. Kwa hivyo, mwanafunzi wa kutwa mara nyingi hunyimwa, isipokuwa mafunzo yake yakiidhinishwa na jimbo. Jirani zetu wa Tanzania walianzisha fao la kukosa ajira mwaka 2018: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa mwanachama aliyechanga angalau miezi 18 na ambaye hakujiuzulu kwa hiari.

Kwa Mkenya anayerudi darasani, msaada wa kila siku hutoka kwingine. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) hukopesha wanafunzi wahitaji wa vyuo vikuu na wa vyuo vya kiufundi. Lakini huo ni mkopo, si zawadi. Hurejeshwa baada ya masomo.

Aliyenyimwa haki yake apeleke barua ya ajira, hati za mshahara na notisi kwa afisa wa leba wa kaunti. Akishindwa kupata suluhu, anaweza kwenda Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo ina kituo Bungoma. Asikawie: kesi hizo hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na chelewa chelewa utampata mwana si wako.