Kunyanyua Nyuzi Si Dawa ya Freti Mbovu

Gitaa la umeme lenye nyuzi saba likianza kukwaruza, fundi mwenye haraka ana jibu moja: nyanyua nyuzi. Bisibisi huzungushwa kwenye daraja, nyuzi zikapanda milimita moja au mbili, mkwaruzo ukanyamaza, mteja akalipa na kwenda zake. Kwenye gitaa la nyuzi sita tiba hiyo huwa ni usumbufu tu wa vidole. Kwenye la nyuzi saba inaua sababu yenyewe ya kulinunua, maana uzi ulioongezwa ndio unaoumia kwanza. Ugonjwa mara nyingi uko kwenye freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopigiliwa kukatiza shingo, na huko ndiko dawa inakopaswa kuelekezwa. Tena si lazima gitaa lisafirishwe nje kutafuta matibabu. Zana karibu zote za kazi hiyo zinapatikana katika mwendo wa miguu kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja hadi kwa mafundi chuma wa Gerezani, jijini Dar es Salaam.

Mpigaji udi hana tatizo hili. Katika vikundi vya taarabu vya zamani vya Dar es Salaam, kama Egyptian Musical Club na Al-Watan, udi na fidla vilipigwa kwa sikio na kidole: noti ikipotoka kidogo, kidole kinasogea na mambo yanakaa sawa. Gitaa limeuondoa uhuru huo. Aliyepigilia freti kiwandani ameshaamua kila noti itatokea wapi, na mpigaji anarithi uamuzi huo pamoja na makosa yake. Kila freti hukata takriban sehemu moja ya 17.8 ya urefu wa uzi uliobaki hadi kwenye daraja. Kwenye gitaa ambalo uzi una urefu wa milimita 648, freti ya kwanza iko milimita 36 hivi kutoka mwanzo wa shingo, ilhali freti ya 21 na ya 22 zimeachana kwa milimita 11 tu. Mifereji ya freti hukatwa kwa mashine, na mashine haichoki, kwa hiyo kosa la mahali ni nadra hata kwenye magitaa ya bei ya chini. Kosa la kimo ndilo la kila siku. Kupigilia freti 24, kuzisawazisha na kuzing'arisha ni kazi ya mkono na muda, na bei ikitakiwa ishuke, muda ndio wa kwanza kupunguzwa. Kosa lenyewe ni dogo kwa macho: freti ikiwa juu ya jirani zake kwa unene wa karatasi moja ya kawaida ya fotokopi, yaani sehemu ya kumi ya milimita, inatosha kuikaba noti.

Gitaa la nyuzi saba linazidisha kosa hilo kwa namna mbili. Kwanza, shingo yake ni pana: mwanzoni hufika milimita 48 hivi, dhidi ya 42 au 43 za gitaa la kawaida. Freti inakuwa ndefu zaidi, na freti ndefu ni ngumu kuikalisha vizuri kutoka ukingo hadi ukingo. Ikikunjwa vibaya kabla ya kupigiliwa, ncha zake hunyanyuka, na ncha moja iko chini ya uzi mwembamba kabisa, nyingine chini ya uzi wa saba. Pili ni tabia ya uzi wa saba wenyewe. George Van Eps, mpigaji jazi wa Marekani, alikuwa na gitaa la aina hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. La umeme lilienea baada ya Ibanez kutoa modeli ya Universe mwaka 1990 kwa ushirikiano na Steve Vai. Leo uzi huo kwa kawaida hufungwa kwenye noti ya B, mitikisiko 62 hivi kwa sekunde, wakati uzi mnene wa gitaa la nyuzi sita hutikisika mara 82. Ili kushuka huko bila kuongeza urefu wa shingo, uzi hunenepeshwa, na mara nyingi hubaki umelegea kuliko wenzake. Uzi uliolegea hupepea kwa upana, hivyo unazigonga freti ambazo nyuzi nyingine zinazikosa. Sasa unyanyue uzi huo juu. Kila unapoubonyeza hadi kwenye freti unauvuta, na uzi uliolegea ukivutwa sauti yake hupanda upesi kuliko ya uzi uliokaza. Matokeo yake, mkwaruzo umeondoka, lakini noti za chini hazikubaliani tena na besi wala kinanda. Mpigaji atazungusha funguo jioni nzima bila kuona tatizo liko wapi, kwani uzi ukiachwa wazi uko sawa na ukibonyezwa haupo sawa.

Kabla ya kugusa tupa lazima kujua mkwaruzo unatoka wapi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Uzi ulioachwa wazi pekee ukikwaruza, wa kulaumiwa huenda ni mfereji wake katika kile kipande cha mfupa au plastiki mwanzoni mwa shingo, uliochimbwa mno. Zikikwaruza noti za freti za mwanzo pekee, shingo huenda imenyooka kupita kiasi au imebinuka kinyumenyume. Hilo hurekebishwa kwa spana ya L kwenye ufito wa chuma uliomo ndani ya shingo, robo mzunguko kwa mara moja. Kipimo chake ni rahisi: bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha angalia nafasi iliyobaki katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Karatasi mbili au tatu zipite. Aliye na fila ya kupimia nafasi za valvu za gari aitumie hiyo. Noti moja tu ikikwaruza na jirani zake zikilia vizuri, mkosaji ni freti inayofuata, si ile iliyobonyezwa. Uthibitisho utapatikana kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Isimamishe kwa ukingo wake ulionyooka juu ya freti tatu mfululizo. Ikichezacheza, ya katikati iko juu. Huko mwisho wa shingo freti zinakaribiana, kwa hiyo kadi ikatwe hadi iguse tatu tu. Kisha, na hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, bonyeza freti iliyo juu kwa kijiti cha mbao. Ikishuka, haikuzidi kimo. Imeng'oka tu kwenye mfereji wake, na inataka gundi ya maji na kibanio. Ukiisaga freti iliyong'oka utakuwa na freti mbili mbovu: iliyo juu leo, na iliyo chini mno siku itakaporudi mahali pake.

Kusawazisha kwenyewe ni kazi ya uvumilivu. Nyuzi hutolewa, shingo hunyooshwa kwa ufito wake, mbao na sumaku za kunasa sauti hufunikwa kwa tepu ya karatasi ili unga wa chuma usinase. Vichwa vya freti zote hupakwa wino wa makapeni. Bomba la alumini la madirisha lililonyooka, lililojaribiwa juu ya kioo kinene na kubandikwa msasa laini, husuguliwa polepole kwa urefu wa shingo, likifuata mbinuko wake kutoka uzi wa kwanza hadi wa saba. Wino unaobaki unaonyesha freti zilizo chini. Unapoguswa kote, acha. Kila msuguo wa ziada ni chuma kisichorudi, na freti nyingi tangu mwanzo huwa na kimo cha milimita moja na kitu. Baada ya hapo vichwa vimekuwa bapa, na freti bapa hutoa noti isiyo na uhakika, kwa hiyo huviringwa upya kwa tupa ya pembetatu ya kunolea misumeno, kingo zake zikiwa zimesagwa zisichane mbao. Mwisho ni msasa laini zaidi na zaidi hadi chuma king'ae.

Kuna pingamizi la heshima: wakongwe wetu wa dansi hawakuwa na haya yote. Mbaraka Mwinshehe aliipa Morogoro Jazz sauti yake, na vyombo vya bendi nyingi za enzi ile vilikuwa mali ya taasisi, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz, vikipita mikononi mwa wengi. Ni kweli, mkono hodari hufunika mengi. Lakini hoja hiyo inathibitisha ubora wa wapigaji, haithibitishi ubora wa freti. Tena mtindo wenyewe ni mkali kwa chuma. Solo la dansi huzunguka kifungu kilekile kwa dakika kadhaa, mara nyingi juu ya shingo, na uzi wa chuma ni mgumu kuliko aloi ya shaba, zinki na nikeli inayotumika kwenye freti nyingi. Freti huchimbika palepale panaporudiwa. Anayefuata nyayo hizo ana sababu zaidi ya kuzichunga freti zake.

Pingamizi la pili ni la hali ya hewa, nalo lina uzito zaidi. Viwanda makini hutunza mbao katika unyevu wa karibu asilimia 45 hadi 50, ilhali hewa ya Dar es Salaam iko juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Mbao hunywa, hutanuka, shingo hubadili mbinuko; lipeleke gitaa hilohilo Dodoma wakati wa kiangazi na mbao zitanywea hadi ncha za freti zikwaruze kiganja. Je, si kazi bure? Hapana, kwa sababu unyevu hubadilisha zaidi mbinuko wa shingo nzima kuliko tofauti ya kimo kati ya freti moja na jirani yake. La kwanza hurekebishwa kwa spana kila masika yanapoingia na yanapokwisha. La pili likishasawazishwa vizuri hudumu miaka. Kinachopaswa kuahirishwa ni kusawazisha gitaa lililotoka kwenye boksi jana. Liache wiki kadhaa lizoee hewa ya hapa, ndipo upime.

Yako magitaa yasiyofaa kufanyiwa haya. Shingo iliyojipinda kama kamba haisawaziki kwa msasa, na freti zilizokwisha kusagwa hadi zikawa chini ya milimita 0.7 hivi zinataka kung'olewa na kuwekwa mpya. Mifereji ikiwa imekatwa mahali pasipo pake, hakuna fundi atakayeihamisha. Hilo hujulikana pale ambapo freti ya 12 imerekebishwa ikakubaliana na uzi ulio wazi, lakini za katikati bado zinapotoka bila mpangilio. Kasoro hizi zote huonekana ndani ya dakika 10 kwa kadi, karatasi na programu ya kupimia sauti kwenye simu. Risiti nyingi za madukani huandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kwa hiyo dakika hizo zitumike kaunta, kabla ya kulipa.