Neno 'Kigogo': Maana, Jamaa Zake na Anwani ya Tamthilia

Swali la ufaafu wa anwani likitokea, majibu mengi ninayosahihisha huanza vivi hivi: "Kigogo ni mtu mwenye mamlaka makubwa. Majoka ni kigogo wa Sagamoyo. Kwa hivyo anwani inafaa." Mtahiniwa hajakosea, ila amemaliza jibu kabla ya kulianza. Swali la alama ishirini haliwezi kubebwa na maana moja ya neno, nalo neno hili lina zaidi ya moja.

Tuanze na gogo. Gogo ni shina la mti lililokatwa au kuanguka: gogo hili, magogo haya. Mtu aliyezama katika usingizi mzito husemwa amelala kama gogo. Tukitia kiambishi ki- cha udogo tunapata kigogo, yaani gogo dogo, jinsi mti mdogo unavyokuwa kijiti. Maana ya pili ndiyo mnayoisikia redioni kila jioni: vigogo wa siasa, vigogo wa soka. Ya tatu ni lugha ya Wagogo wa Tanzania ya kati. Hii huandikwa kwa herufi kubwa hata katikati ya sentensi na haina wingi. Usiilete kwenye jibu la tamthilia.

Je, ndege aitwaye kigogota (wengine humwita kigong'ota) na kitenzi gogota, yaani kugonga kitu kigumu mara kwa mara? Vinafanana kwa sauti, lakini kufanana si ushahidi wa udugu. Viache.

Hapa ndipo alama hupotea katika Karatasi ya Pili. Kigogo cha mti huchukua upatanisho wa KI-VI: Kigogo kimeangukia ua, vigogo vimeangukia ua. Kigogo mtu, ingawa ana ki- mbele, ni kiumbe hai, hivyo huchukua A-WA: Kigogo ameamuru soko lifungwe, vigogo wameamuru. Ndivyo ilivyo kwa kiongozi, kijana na kipofu. Ukiandika "kigogo kimeamuru", umelipa gogo mdomo.

Sasa turudi Sagamoyo. Tazama kejeli iliyomo katika umbo lenyewe: mtu mkubwa kuliko wote anaitwa kwa neno linaloweza pia kumaanisha kijigogo tu. Jina lake nalo limeelekea upande wa pili. Nyoka katika ukubwa ni joka, wingi majoka. Katika udogo ni kijoka. Mtawala ana jina la ukubwa na cheo chenye sura ya udogo. Mtahiniwa anayeliona hili na kulithibitisha kwa matendo ya Majoka ananifanya niweke kalamu chini kidogo.

Kisha kuna Sudi. Huyu ni mchongaji. Kazi yake ni kuchukua kipande cha mti na kukipa sura. Anaombwa amchongee mtawala, anakataa. Badala yake mikono yake inachonga kinyago cha shujaa mwanamke. Katika mchezo uitwao Kigogo, fundi wa miti ndiye anayeamua ni sura ya nani itakayotoka kwenye mti. Sidhani hilo ni la kupita bila kutajwa, japo miongozo mingi huliruka.

Tofautisha pia gogo na kisiki. Kisiki kimebaki na mizizi ardhini na kinaweza kuchipua. Gogo limekatika na mizizi yake. Ni zito, linaziba njia, lakini halikui. Majoka analifunga soko la Chapakazi, mahali wanyonge wanapopata riziki, na hatimaye umati unamfuata Tunu. Ukisema uzito wake haukuwa na mizizi kwa watu, umeifasiri anwani. Hii ni fasiri yangu. Ukiwa na nyingine, iandike, mradi uiunge kwa matukio.

Jaribu haya kabla ya kufunua ukurasa unaofuata:

(a) Tunga sentensi mbili kudhihirisha maana mbili tofauti za neno 'kigogo'. Upatanisho wa kisarufi uonyeshe tofauti hiyo. (alama 2)

(b) Andika katika ukubwa, kisha katika udogo: Nyoka amejificha chini ya mti. (alama 2)

(c) "Mchongaji ndiye mpinzani halisi wa kigogo." Jadili ukirejelea tamthilia. (alama 20)